Usilambe Jiwe

Mmekuja na mawe yenu, mmeyamwaga juu ya meza ninayolia chakula, na mmoja wenu, wajukuu wangu, ameniuliza, "Susu, kati ya haya, mabaya ni yapi?" Kwanza yatoeni hapo mezani. Yawekeni nje karibu na ghala, mkanawe mikono kwa sabuni, halafu mrudi mkae. Nitawaambia ninachokijua, na si kingi. Nilifanya kazi ya mawe miaka sita. Niliingia nikiwa sijui kitu kimoja, nikatoka nikiwa sijui vitu vingi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika namba juu ya mawe. Chekeni tu, hata mama yangu alicheka. Miaka ile ya thelathini palikuwa na Mzungu hapa Kitui aliyestaafu kazi ya kupima barabara. Jina lake lilikuwa refu, kwa hiyo sisi tulimwita Bwana Mavia, yaani Bwana Mawe. Nyumba yake ilikuwa ya mabati na vyumba vinne, na vyote vinne vilikuwa na mawe. Yalikuwa juu ya kabati, ndani ya kabati, chini ya kitanda, dirishani, mpaka kwenye bakuli la sukari, ambalo hakuna aliyeliwekea sukari tena. Alitaka mtu mwenye mwandiko mdogo. Mwalimu wa misheni akamtajia Kalekye, ndiye mimi, kwa sababu shuleni nilikuwa naandika herufi ndogo ili daftari lisiishe haraka.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Huandiki juu ya jiwe lenyewe. Unatafuta upande usiopendeza, unapaka tone la rangi nyeupe, unaliacha likauke, unaandika namba kwa wino mweusi na brashi nyembamba, kisha unafunika kwa vanishi. Namba ile ile unaiandika kwenye kitabu, pamoja na mahali jiwe lilipookotwa. Jiwe lisilojulikana lilikotoka ni kokoto tu, hata likiwa linang'aa namna gani. Na ili brashi iwe na ncha nzuri, nilikuwa naichonga kwa midomo. Kila namba, midomo. Kwa siku moja niliweza kuandika mawe thelathini.

Wiki ya kwanza niliona mawe yana vumbi, nikaleta beseni na maji nikayaosha. Yote yalipendeza isipokuwa moja jeupe lililotoka Magadi. Hilo niliposugua lilizidi kuwa dogo, nami nikasugua zaidi nikidhani ni uchafu unaotoka. Bwana Mavia alipouliza namba arobaini na moja iko wapi, nikamwonyesha beseni. Aliyatazama yale maji kwa muda. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Basi, weka maji kwa kabati." Sikujua kama ni mzaha. Niliyaweka kabatini. Baada ya siku kadhaa maji yakakauka, ukabaki unga mweupe, akautia kwenye chupa na kuniambia niandike arobaini na moja.

Mwalimu wangu hasa hakuwa Bwana Mavia, alikuwa Mzee Kitheka. Huyu alizaliwa upande wa Kyuso, akachimba ulanga, lile jiwe linalobanduka kwa matabaka yanayong'aa, tangu ujana wake, na wakati ule alikuwa na boma lake nje kidogo ya mji. Alikuwa mrefu, mpole, na alijua kila kilima kwa rangi ya udongo wake. Bwana Mavia alimtuma kutafuta mawe, naye aliyaleta kwa gunia. Alinifundisha kushika jiwe moja kila mkono na kusikiliza lipi linavuta chini. Alinifundisha kulivunja na kutazama uso mpya, maana uso wa nje hudanganya. Na alinifundisha kulamba. Jiwe likiwa kavu rangi yake imejificha, likilowa inatoka. Mate yako karibu kuliko mtungi. Bwana Mavia mwenyewe alilamba, na wageni wake wa mawe walilamba, na mimi nikalamba. Mkono mmoja brashi, mkono mmoja jiwe, na ulimi katikati.

Na lazima niwaambie jinsi nilivyomharibia Mzee Kitheka magoti, kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia pale. Asubuhi moja Bwana Mavia aliniambia, "Ambia Kitheka, peleka mawe kabati." Nikatoka nje nikamwambia Mzee vilevile, neno kwa neno. Mzee akajitwika gunia, akaondoka. Tulimngoja siku nzima. Alirudi kesho yake jioni, anachechemea, gunia bado liko begani.

"Nimefika Kabati," akasema. "Nimekaa sokoni mpaka watu wakaisha. Hakuna aliyekuja kuyachukua."

Nilitamani ardhi inifunike. Ni mwendo wa siku nzima huo, na gunia lilikuwa zito. Mzee hakukasirika. Aliketi, akanyoosha miguu, akasema ni kosa la watu waliokipa kijiji jina la fanicha. Lakini tangu siku ile magoti yake yakaanza kuuma. Au yalikuwa yanauma zamani na siku ile ndiyo aliyasikia. Sijui. Mimi nilijiona ndiye niliyeyavunja.

Nilipenda mawe, sitawaficha. Bwana Mavia akiwa na mawili yanayofanana alitupa dogo, nami niliokota lile dogo nikaenda nalo nyumbani. Nilikuwa nimeolewa na Nzioka, fundi wa cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, na mtoto wetu Mwende alikuwa hajatimiza mwaka. Nzioka alinitengenezea rafu ya mbao juu ya kitanda. Nikapanga hapo ulanga, mawe mekundu ya kule Makueni upande wa Kathonzweni, na jiwe la kijani nisilolijua jina mpaka leo. Majirani walinong'ona kwamba nimeanza uganga. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuyakagua, akayaombea, na akaondoka na moja jekundu mfukoni.

Yale meusi yalikuja baadaye. Mzee Kitheka aliyaleta kutoka shimo la ulanga mbali huko ng'ambo ya Kyuso. Yalikuwa mazito kupita umbo lake, yakivunjika yanang'aa kama kioo cha chupa. Na mwamba uliokuwa umeyashika ulikuwa umegeuka rangi ya kutu, umepasuka mistari kuzunguka jiwe pande zote, kana kwamba jiwe lilikuwa linausukuma. Mkiona mwamba wa namna hiyo, simameni kwanza mfikiri. Sisi hatukufikiri. Tuliyalamba. Bwana Mavia alifurahi, akayaweka kwenye droo ya juu ya kabati la sebuleni. Vipande vitatu vilivyobaki nikavitia kwenye mkebe nikavipeleka nyumbani, nikaweka chini ya kitanda kwa kuwa rafu ilikuwa imejaa.

Bwana Mavia alikuwa pia na kamera ya miguu mitatu, ile inayopigia picha kwenye vioo. Vioo vilikuja kwa posta, vimefungwa kwa karatasi nyeusi ndani ya boksi, na ukilifungua penye mwanga mara moja tu vimeharibika. Aliviweka kwenye droo ya chini, chini ya mawe meusi. Siku moja alitoka chumba cha giza alichosafishia picha, ameshika kioo kilichojaa ukungu.

"Kalekye, wewe nafungua boksi?"

"Sijafungua, Bwana."

"Nani nafungua?"

"Sijui."

Akaagiza boksi la pili. Safari hii alifunga droo kwa ufunguo na kuuvaa shingoni. Wiki mbili hivi zikapita, akatoa vioo, ukungu ule ule. Akasema nina ufunguo mwingine. Akaniambia mwezi ukiisha niende.

Nilimweleza Nzioka. Akaniambia niombe msamaha.

"Kwa kosa gani?" nikamuuliza.

"Lolote. Omba kwanza. Ukishasamehewa utaambiwa lilikuwa gani."

Kesho yake badala ya kuomba msamaha niliomba kuona kioo. Nilikishika dirishani. Katikati ya ule ukungu palikuwa na umbo, hafifu, kama kitu unachokiona ndani ya maji machafu. Duara mbili na ncha mbili, na ncha moja imekatika. Ulikuwa mkasi wangu. Nilikuwa nimeutafuta siku nyingi, ule niliokatia karatasi za majina.

"Bwana," nikasema, "mkasi wangu uko ndani ya picha yako."

Akakitazama kioo. Akafungua droo ya juu, akanyanyua mawe meusi moja moja. Mkasi ulikuwa chini yake, umelala kwenye ubao. Mawe yalikuwa yameupiga picha kupitia mbao, kupitia boksi, kupitia karatasi nyeusi, na hakuna mtu aliyefungua kitu. Bwana Mavia aliketi sakafuni akacheka. Hakuniomba msamaha, lakini habari ya mwisho wa mwezi hakuitaja tena.

Nilimuuliza jiwe limefanyaje. Akasema ndani yake mna kitu cha ukoo wa radiamu, na kinatoa mwanga usioonekana.

"Linaungua?"

"Hapana."

"Linapungua?"

"Kidogo sana. Wewe nakufa, mtoto yako nakufa, jiwe bado."

"Ni kitu kizuri au kibaya?"

Akasema, "Ndiyo."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo. Nilipomwambia Nzioka kwamba mawe yale yana radiamu, yeye alisikia redio, kwa maana Mhindi wake alikuwa ameanza kuzungumzia kununua redio. Akachukua jiwe akaliweka sikioni. Alikaa nalo hapo muda, amefumba macho, kisha akasema labda linapatikana jioni.

Sasa sikilizeni vizuri. Wakati ule, huko kwao Ulaya, watu wengine waliamini kwamba maji yaliyokaa na radiamu ni dawa. Yaliuzwa. Bwana Mavia alikuwa amesoma hivyo mahali fulani. Akachukua jiwe jeusi moja, akalitia kwenye mtungi wa maji, akamwita Mzee Kitheka.

"Hii nasaidia goti," akamwambia. "Kikombe moja asubuhi, kikombe moja jioni."

Mzee alikunywa. Baada ya siku chache akasema anasikia nafuu. Alikuwa anapanda ngazi za baraza bila kushika ukuta. Kila asubuhi alikuja na kibuyu chake nami nikamjazia, kwa mkono wangu huu, nikifurahi kwamba yale niliyoyaharibu mimi yanatengenezwa na jiwe.

Halafu nikasoma gazeti. Lilikuwa gazeti la zamani la Kiingereza, lililotumwa likiwa limefungia mawe. Kiingereza changu kilikuwa cha misheni, cha kutambaa, lakini palikuwa na picha ya wasichana wamekaa meza ndefu, kila mmoja ameshika brashi nyembamba, na picha ile ndiyo iliyonivuta. Nilichukua kamusi ya Bwana Mavia. Ilikuwa habari ya kiwanda huko Marekani, wasichana waliopaka nyuso za saa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Walichonga brashi kwa midomo. Wakaumwa meno, kisha mataya yakaoza, kisha wengine wakafa. Nilipofika neno la mataya nilikuwa na brashi mdomoni.

Nikaitoa. Nikaitazama. Rangi yangu ilikuwa rangi ya kawaida, ya kupaka milango. Lakini ulimi ule ule ulikuwa umelamba mawe meusi. Nilishindwa kuelewa kilichowaua wasichana wale, kama ni kulamba, au rangi, au wingi wake. Nikaenda kwa Bwana Mavia na gazeti mkononi.

"Wale nakula nyingi," akasema. "Hii yetu kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani, Bwana?"

"Mimi naandika barua Nairobi. Wao najibu."

"Na Mzee Kitheka?"

"Yeye nasema iko vizuri."

"Na wewe, Bwana? Mbona sijakuona ukinywa?"

Alitazama dirishani. "Mimi nangoja barua," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kutoka nje nimwambie Mzee. Alikuwa kwenye baraza, anapanga mawe. Sikutoka. Nilijiambia kwamba sijui hakika. Nilijiambia kwamba magoti yanapona, na nani anamnyang'anya mzee dawa kwa sababu ya picha kwenye gazeti kuukuu? Nilijiambia kwamba Bwana ametoka tu kunirudisha kazini. Sababu zilikuwa nyingi na kila asubuhi nilikuwa na moja mpya. Wiki tatu nzima nilimjazia kibuyu.

Kilichonivunja ni kikohozi cha Mwende. Mtoto alikohoa siku mbili, na ya tatu nikakumbuka mkebe chini ya kitanda, chini yake hasa, pale anapolala. Niliutoa kwa fimbo, kama mtu anayetoa nyoka. Nikauweka nje. Kisha nikasimama. Nautupa wapi?

Nilishika njia ya mtoni, mkebe nimeunyoosha mbele kwa mkono mmoja mpaka bega likauma. Mto ulikuwa mkavu, na wanawake walikuwa wanachota maji kwenye visima vya mchangani, punda wamesimama wanangoja. Nikafikiria mvua ikija, jiwe litakaa ndani ya maji ya watu wote. Nikageuka. Nikafikiria choo, nikaona choo kina udongo na udongo una maji. Nikafikiria shamba la jirani, nikaona haya. Mwanamke mmoja akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia sijui, na ulikuwa ukweli mtupu. Nikarudi nao nyumbani, nikauweka nyuma ya zizi chini ya jiwe kubwa, kisha nikaanza kuwahurumia mbuzi. Rafu yote nikaishusha pia, hata mawe mekundu ambayo hayakuwa na hatia.

Jioni ile ile, jua likiwa bado halijazama, nilikwenda bomani kwa Mzee Kitheka. Nilimkuta anakula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, pamoja na mkewe Syokau. Nilimweleza yote, wasichana, brashi, mataya, na kwamba Bwana mwenyewe hanywi. Syokau aliacha kula. Mzee alitafuna polepole.

"Uliyasoma lini hayo?" akaniuliza.

Nilitaka kusema jana. "Wiki tatu sasa," nikasema.

"Na asubuhi ya leo ulinijazia kibuyu."

"Ndiyo, Mzee."

Aliinuka, akachukua kibuyu ukutani, akakitazama kama anayetafuta ufa. Akamuuliza Syokau amwage wapi. Syokau akasema si kwenye shamba la maharagwe. Wakatoka wote wawili, wakasimama pale nje na kibuyu, wanageuka huku na huku, kama mimi na mkebe wangu.

Kazini alirudi, lakini maji hakuyagusa tena, na Bwana Mavia hakuuliza kwa nini. Yeye naye alikuwa ameutoa mtungi sebuleni kimya kimya.

Barua haikuja. Alikuja mtu. Alikuwa mtaalamu wa mawe aliyekuwa akipita kwenda kaskazini, kijana mwembamba mwenye miwani, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha Bwana Mavia. Alikuwa na kifaa kama chupa ya kioo, na ndani yake vijani viwili vya dhahabu, vyembamba kuliko bawa la nzi. Alisugua fimbo kwa kitambaa cha sufu, akagusa juu ya chupa, na vijani vikatengana vikakaa wazi. Tukanywa chai, na bado vilikuwa wazi. Akasogeza jiwe jeusi. Kabla sijahesabu ishirini, vijani vilianguka vikalala pamoja.

Kila mara akivitenganisha upya kwa fimbo, alilirudisha jiwe hatua tatu nyuma, vikaanguka polepole. Akaliweka chumba cha pili, vikakaa wazi. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alitoa mawe yote kwenye droo, akayapeleka nje mbali, akafuta ubao wa droo kwa karatasi, akaisogeza ile karatasi peke yake. Vijani vikaanguka.

"Ni vumbi," akasema. "Nani anasafisha droo hii?"

"Mimi," nikasema. "Kwa manyoya ya kuku."

"Na unapiga chafya?"

"Sana."

Alituambia hivi, na ndiyo elimu yote niliyo nayo ya kuwapa. Jiwe dogo la namna hii likikaa kwenye rafu mbali na watu, haliruki likakuuma. Ukiwa nalo, liwe moja au mawili, si gunia. Lisikae chumba cha kulala, wala karibu na chakula, wala mahali mtoto anapofika. Liwe ndani ya sanduku lenye jina lake, ili atakayelikuta ukishakufa ajue ni nini. Lina hewa inayotoka ndani yake, kwa hiyo chumba kiwe na madirisha, na sanduku lifunguliwe nje, uso ukiwa mbali. Usilivunje nyumbani, usilisage, usilisugue. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Usitie mfukoni. Nawa mikono. Na usilambe, wala hili wala lingine lolote, kwa kuwa huwezi kujua ni lipi mpaka umeshalilamba.

Mzee Kitheka alikuwa mlangoni wakati wote huo. Akauliza, "Na aliyekunywa maji yake?"

Yule kijana alivua miwani. "Ulikunywa kwa muda gani?"

"Kama mwezi na nusu."

"Usinywe tena."

"Sinywi. Nauliza kama nitakufa."

"Sijui, Mzee. Sidhani. Jiwe lenyewe si kali sana."

"Na magoti, ni hayo maji yaliyoyaponya?"

"Hilo pia sijui. Sidhani."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia mbili kwa pamoja.

Nilimwomba yule kijana aje kwangu. Alikuja, akaweka chupa yake juu ya kitanda, pale anapolala Mwende. Vijani vikakaa wazi. Akatazama juu, akaona paa jeusi kwa moshi wa jikoni, akasema mtoto anakohozwa na moshi, nipikie nje. Nilipikia nje na kikohozi kikaisha. Lakini kilikuwa kimeshaanza kupungua siku niliyotoa mkebe. Na mvua ilikuwa imenyesha, hewa imebadilika. Chagueni wenyewe. Kama angeniambia ni mawe ningemwamini papo hapo. Aliponiambia si mawe, nilimtilia shaka miaka mingi, na hata Mwende alipokuwa na watoto wake mwenyewe nilikuwa nikimsikiliza akikohoa.

Tulijenga stoo nyuma ya nyumba, yenye madirisha pande mbili, tukahamishia mawe yote. Meusi tukayaweka peke yake kwenye sanduku, mwisho kabisa, nami nikachora alama nyekundu juu yake. Vipande vyangu vitatu nilivirudisha humo. Brashi nikajifunza kuichonga kwa kuizungusha kwenye ukingo wa kikombe, na mwandiko wangu ukawa mbaya kidogo, na hakuna aliyelalamika. Miaka michache baadaye Bwana Mavia alifariki kwa malaria. Hakuwahi kunywa hata kikombe kimoja cha maji yale. Ndugu zake walikuja na lori wakayachukua mawe, na sijui nani anaishi nayo sasa, wala kama alisoma alama yangu.

Mzee Kitheka aliishi. Aliishi mpaka nikawa na mvi. Lakini magoti yalirudi vibaya kuliko mwanzo, mpaka akatembea kwa fimbo mbili, na kila tulipokutana sokoni aliniuliza, akitabasamu nusu, kama sina kikombe kimoja tu cha yale maji. Mimi sikuweza kutabasamu. Nilimnyang'anya nafuu yake nikiwa siwezi kuthibitisha kwamba nimemwokoa na kitu chochote.

Mara ya mwisho nilimkuta amekaa nje ya nyumba, kwenye benchi, Syokau ameshatangulia mbele za haki. Macho yalikuwa yameanza kufifia. Nilimsalimu nikabaki nimesimama.

"Kalekye," akasema, "sasa sema kweli. Yale maji yalikuwa mabaya?"

"Sijui, Mzee. Mpaka leo sijui. Wanasema hayafai mtu kunywa."

"Basi wewe ulinizuia kwa nini, na hujui?"

"Kwa sababu sikujua."

"Unadhani nina kinyongo kwa ajili ya magoti."

"Ndiyo. Na ile safari ya Kabati."

"Magoti ni ya mzee, yangeuma tu. Na Kabati nilikunywa uji mzuri." Akageuza uso kunielekea, kama anayenitafuta. "Wiki tatu, Kalekye. Ulikuwa unanitazama nikinywa."

Nilikuwa na sababu zote zile za wakati ule, na nilipozitafuta sikuona hata moja ya kumpa. Nikamwambia, "Niliogopa kufukuzwa."

"Najua. Nilitaka uyaseme."

Kuku walikuwa wanachakura karibu na fimbo zake. Kisha akaupapasa ubao kwa mkono, akajivuta polepole mpaka mwisho wa benchi, akaniachia nafasi, nami nikakaa.